Ile Miaka Miwili ya Nyumbani

Huku kwetu Boito, miaka ya tisini, mtoto akimaliza Form Four hakwenda chuo kikuu moja kwa moja. Alirudi nyumbani kukaa. Vyuo vilifungwa vikafunguliwa, vikafungwa tena, mpaka foleni ikawa ndefu, na hata yule aliyepita vizuri kabisa alikaa kwao karibu miaka miwili kabla ya kuitwa. Watu waliisikitikia miaka hiyo. Mimi niliingoja kwa hamu, na asije mtu akanicheka.

Nina mtoto mmoja tu, Chepkurui. Alipokuwa na miaka kumi na miwili, wifi yangu Sally, dada ya mume wangu Isaiah, alikuja kumwomba. Sally aliolewa na Mfaransa, injinia aliyekuja kupima barabara kule Mulot akaishia kumpima wifi yangu. Hawakujaliwa mtoto. Na kwetu senge, yaani shangazi, akiomba kumlea mtoto wa kaka yake, humwambii tu hapana kama unayefukuza kuku. Isaiah alikubali. Mimi nilisema neno moja: "Mpaka amalize shule."

"Mpaka amalize shule, Mama Chepkurui," Sally akaniitikia, mkono kifuani.

Hilo neno nililishika. Walimpeleka Ufaransa, wakamwingiza shule za huko, na katika miaka sita nilimwona mara moja, Krismasi moja ya haraka haraka, akiwa mrefu na mwenye haya, akiuliza choo kiko wapi katika boma alilozaliwa. Kila nilipozidiwa nilijiambia: Janeffer, jikaze, shule ina mwisho. Atamaliza, atarudi kukaa miaka miwili kama watoto wote, kisha chuo kimchukue kikitaka. Miaka miwili si haba. Katika miaka miwili unaweza kumrudishia mtoto lugha yake, ukamfunza kusafisha kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya mgando, kwa mkaa mpaka kinukie, ukamjua anapenda nini na anachukia nini. Ndiyo hesabu niliyokuwa nayo.

Jirani yangu Dorcus alikuwa na miaka yake miwili tayari. Mwanawe Hezekiah alimaliza shule mwaka wa tisini na tano akapata alama za kwenda chuo kikuu, na tangu hapo yuko tu. Asubuhi anamsaidia mama yake kuchuna majani chai, mchana anapeleka ng'ombe mtoni, jioni anapita kwangu kunisalimu: "Chamgei, mama!" Dorcus alikuwa akilia juu yake.

"Huyu kijana anaoza, Janeffer. Alikuwa anapiga hesabu mpaka mwalimu anakuna kichwa. Juzi nimempa gazeti, amesoma michezo akalala."

"Basi nipe mimi nikae naye," nikamwambia. "Wewe unalia umeshiba."

Alikasirika siku mbili. Sikujali. Mtu anayeketi kila jioni na mwanawe mezani ananililia mimi! Haki ya Mungu, nilimwonea wivu mpaka nikawa siwezi kupita karibu na jiko lake wakati wa chakula.

Isaiah, ambaye maneno yake huyahesabu kabla ya kuyatoa, alimjengea Chepkurui chumba cha mbao upande wa juu wa nyumba, kina dirisha linalotazama majani chai. Mimi nilimtengea mtamba. Akazaa mapema mwaka ule wa tisini na saba, na maziwa yake nikayaweka mbali na mengine.

Mwezi wa saba, Mwalimu Mogaka, Mkisii anayefundisha sekondari ya hapa, alimtuma mtu kuniita. Sally alikuwa amepiga simu ofisini kwa mkuu wa shule, na angepiga tena. Nilikimbia na kikapu mgongoni, sikukumbuka hata kukitua. Sauti ya Sally ikaja kutoka mbali.

"Amepita, Mama Chepkurui! Amepata kumi na tatu!"

"Juu ya ngapi?"

"Juu ya ishirini."

Miaka sita ya kula jibini ya watu, kisha kumi na tatu! Mogaka aliiona sura yangu akaanza kucheka mpaka akavua miwani. Akanieleza kwamba Wafaransa ni bahili wa alama, kwamba kumi inatosha kupita na ishirini huwaachia malaika. "Huo mtihani wao, baccalauréat," akasema, "si karatasi ya kumaliza shule tu kama ya kwetu. Ukiupita, mlango wa chuo kikuu umeshafunguka."

Mimi nilisikia "kumaliza shule". Hayo mengine yalipita juu ya kichwa kama ndege. Nilirudi nyumbani nikiimba wimbo wa kanisani, na Dorcus akaniuliza kama nimelewa.

Alikuja mwezi wa nane, peke yake. Nilimpokea na mursik mlangoni, kama anavyopokewa mtu wa heshima, akanywa akakunja uso, akanywa tena kwa sababu nilikuwa namtazama. Wah, alikuwa mzuri! Shingo ya mama yangu, mikono ya Isaiah. Kipsigis chake kilikuwa kinachechemea, Kiswahili kidogo kilisimama, basi tukawa tunachanganya. Majirani walijaa. Tukala mbuzi, tukaomba, na Dorcus, akiwa na mfupa mkononi, akamwambia kwa wema wake wote, "Sasa pumzika, binti. Umesoma vya kutosha. Hii miaka miwili mkae na mama yako, amekungoja huyu mpaka amekonda."

"Miaka miwili gani?" Chepkurui akauliza.

"Ya kungoja chuo."

Akatabasamu, akidhani ni utani. "Hatungoji. Nimeshaandikishwa. Naanza mwezi wa kumi."

Hezekiah aliyekuwa ameketi mlangoni aliacha kutafuna. Mimi niliinuka nikasema naenda kuongeza chai. Chai ilikuwa tele mezani, kila mtu aliiona. Nilisimama jikoni nikashika sufuria tupu, na kile kilichonijia hakikuwa kilio, kilikuwa hasira. Sally! Mpaka amalize shule, mkono kifuani! Alijua huko kwao shule haina mwisho, kwamba mlango mmoja unakufungulia mwingine hata hujavuta pumzi, na mimi huku nafua mablanketi.

Siku zilizofuata nyumba ilinisikia. Niligonga sufuria, nikawafokea kuku, nikamwamkua mtoto kwa mdomo wa nusu. Isaiah akavumilia, kisha akaniambia, "Janeffer, unakula siku zake chache ulizo nazo." Nikamjibu vibaya. Lakini kesho yake asubuhi nilimtupia Chepkurui epuroni ya plastiki nikamwambia twende tukachune.

Alikuwa hajui. Alishika jani kama anayeogopa litamuuma. Nikamwonyesha: majani mawili na kichipukizi, basi, yaliyokomaa achana nayo. Tukaingia kila mmoja mstari wake, umande ukiwa bado, na kwa muda kilichosikika ni ule mlio mdogo wa majani yakikatika. Kumbe mikono ikiwa na kazi mdomo hulegea.

"Huo mtihani walikuuliza nini?" nikamwuliza. Sauti yangu ilikuwa bado na miiba.

"Vitu vingi. Mwingine ni wa kusema, unasimama mbele ya mwalimu usiyemjua. Lakini ule mkubwa ni wa falsafa. Unapewa swali moja, mstari mmoja, na saa nne za kuandika."

"Saa nne kwa mstari mmoja!"

"Swali langu lilikuwa: Je, kukumbuka ni wajibu?"

"Si ungeandika ndiyo urudi nyumbani?"

Akacheka. Kicheko chake sikuwa nimekisikia tangu afike. "Hawataki ndiyo, mama. Kwanza unatetea upande mmoja kama ni wako kabisa. Kisha unageuka unatetea ule mwingine, na bila kudanganya, usiufanye mjinga ili uushinde. Halafu ndiyo unatafuta njia yako mwenyewe. Walimu wanasema chuoni utakuwa peke yako, ukumbi una watu mia tano, hakuna wa kukuandikia notisi ubaoni wala wa kukuuliza kama umekula. Kama hujajifunza kufikiri mwenyewe, mwaka wa kwanza utakurudisha nyumbani."

"Kumbe wengine hurudishwa," nikasema, na nilijisikia nikifurahi. Shetani yuko.

"Wengi."

Nikachuna kidogo. Kisha nikasimama wima. "Haya. Wewe umefundishwa. Nitetee mimi basi. Nitetee mbona ubaki hapa miaka miwili."

Nilidhani atakataa. Aliweka mikono juu ya majani, akafikiri, akaanza, polepole, akiokota maneno ya Kipsigis na Kiswahili popote alipoyapata. Alisema chuo hakikimbii, mlango aliofunguliwa hautafungwa kwa mwaka mmoja wala miwili. Alisema mama alitoa mtoto kwa ahadi, na ahadi ilitamkwa kwa lugha ambayo maana yake kila mtu hapa aliijua. Alisema mtoto anayejua kuandika kurasa nane juu ya kukumbuka na hajui jina la ng'ombe wa mama yake amekumbuka nini? Alisema baba amejenga chumba chenye dirisha. Alisema mama ana nywele nyeupe hapa na hapa, na hakuna aliyeziona zikiingia.

Ah! Nilishika kichaka cha chai. Yale niliyokuwa nayagonga kwenye sufuria wiki nzima, mtoto ameyapanga moja moja mbele yangu, na hakuacha hata moja. Nilijiona nimeshinda, na nikaanza kuogopa.

"Na upande wa pili?" nikamwuliza.

Alitazama kule chini, kwenye shamba la Dorcus, ambako Hezekiah alikuwa amekaa juu ya kikapu kilichopinduliwa akitazama barabara. Alikuwa anakata jani vipande vidogo vidogo na kuvitupa. Tulimtazama sote wawili.

"Jana aliniomba nimwonyeshe kitabu changu cha hesabu," Chepkurui akasema. "Akakifungua, akakifunga. Akaniambia, zamani hii niliijua."

Upande wa pili ukaishia hapo. Sikuhitaji zaidi. Kijana yule nilikuwa nimemwangalia miaka miwili nikaona baraka ya Dorcus tu.

"Na njia yako mwenyewe?" nikasema. "Hizo mbili umezisema vizuri, mwalimu angekupa kumi na tano. Sasa achana na walimu. Wewe Chepkurui unataka nini?"

Akainama kwenye majani. Nikadhani anachuna. Nikaona mabega, kumbe analia.

"Nataka uniambie nikae."

"Utakaa?"

"Uniambie tu, mama. Ile siku senge alipokuja kunichukua, wote mlisimama pale kwenye lango. Baba akaomba. Wewe ukaniambia, vaa sweta, kuna baridi. Nilingoja useme kitu kingine. Gari likaondoka, likapita kwa kina Dorcus, likapita kituo cha majani, na mimi bado nangoja. Nimengoja mpaka leo. Nilifikiri labda ulikuwa umenichoka."

Nimchoke! Mimi, ambaye siku ile niliuma ulimi mpaka nikaonja damu, kwa sababu nilijua nikifungua mdomo nitamvuta mtoto nje ya gari mbele ya wakwe! Nilijikaza ili asilie. Kwetu mama hujikaza, na nani angemweleza mtoto wa miaka kumi na miwili kwamba huko nako ni kupenda? Miaka sita nilikuwa nikimngoja huku, na yeye kule akiningoja mimi.

Nikatupa majani niliyokuwa nayo mkononi.

"Kaa," nikasema. Sauti haikutoka. Nikasema tena. "Kaa, mama. Usiende. Kaa hapa na mimi, nimekutamani, nimekutamani mpaka nimekuwa mtu mbaya. Kaa!"

Hiyo ya mwisho ilisikika mpaka kwa Dorcus, akainua kichwa kule chini. Acha ainue. Nililia waziwazi katikati ya chai, mchana kweupe, na mwanangu akavuka vichaka vya mstari wake akaja kwenye wangu, plastiki zetu zikasuguana, akanishika kwa nguvu za mtu mzima.

"Asante," akaniambia shingoni. "Asante, mama." Akarudia mara nyingi, kama mtu aliyepewa maji.

Hakusema atakaa. Mimi sikumwuliza. Nilikuwa nimemwona Hezekiah, na yeye alijua nimemwona. Tulirudi kwenye mistari yetu, na mchana mvua ilipoanza tukaingia jikoni nikamfunza kibuyu, jinsi ya kukisugua ndani kwa ufito mpaka mkaa ushike. Alikivunja kimoja. Nilifoka, tukacheka.

Mwishoni mwa mwezi wa tisa gari lilikuja langoni asubuhi, na ukungu ulikuwa bado juu ya majani. Isaiah akaomba. Dorcus akaja na ndizi za njiani, na Hezekiah, aliyekuwa ameitwa chuo hatimaye, akabeba mzigo. Chepkurui alinikumbatia, akarudi nyuma hatua moja, akasimama, akingoja.

"Kaa," nikamwambia.

"Nitarudi, mama," akasema, akaingia garini.

Sweta alikuwa ameivaa mwenyewe.