Jiko Lisilo na Moshi

Mzee aliingia bila kubisha hodi, na katika milima ile mtu mzima haingii pasipo hodi ila kuna jambo. Ukungu wa Julai uliingia naye. Akatua gunia juu ya meza ya Dorkasi, akalifungua, na ndani likaonekana jiko la mkaa la bati jekundu.

"Shikamoo, baba," Dorkasi alisema, akisimama.

"Marahaba. Wewe ndiye Dorkasi wa jarida la vipimo vya bidhaa?"

"Ndiye mimi."

"Basi nimekuletea jiko lako."

Dorkasi alilijua. Miezi miwili nyuma alilipima mwenyewe, kazi yake ya kwanza tangu amalize chuo. Alipima muda wa kuchemsha maji, akapima mkaa, akaning'iniza kitambaa cheupe juu yake saa nzima, kitambaa kikabaki cheupe. Akalipatia nyota tano: "Halina moshi hata kidogo." Hakuhongwa na mtu. Kila neno lilikuwa kweli.

"Naitwa Zabron, mzee wa kanisa, kule juu ya Mlalo. Mkwe wangu Yunis ana siku kumi na moja tangu ajifungue. Unajua desturi yetu: mzazi na mtoto hukaa chumbani na moto hautoki. Zamani moshi ukizidi tulifungua dirisha. Safari hii mwanangu alisoma kwenu kwamba hakuna moshi, akaziba dirisha kwa blanketi. Alfajiri tumemkuta Yunis anatapika, hajui hata jina lake. Wote wawili wako hospitali hapo chini, mtoto ana mpira wa oksijeni puani. Hajafumbua macho."

Dorkasi alimkumbuka bibi yake wa Soni, ambaye kila alipoingiza jiko ndani aliweka jiwe ili mlango usifungike. "Makaa yana pumzi yake," alikuwa akisema, "nayo haionekani." Dorkasi alilijua hilo tangu utotoni, na siku ya kupima hakulipima.

"Mlilipimia wapi?" mzee aliuliza.

"Mombo, baba, kule bondeni. Barazani kwa wakala wa majiko."

"Mombo!" Mzee akatoa kicheko kikavu. "Mombo watu wanalala milango wazi wakitafuta upepo. Huko mngeipima hata jehanamu, mngeandika ina joto la wastani."

Kisha akainama, sauti ikashuka. "Sikuja kukusuta. Ukurasa wenu niliusoma mimi, kwenye matangazo ya Jumapili. Nyumba kumi na saba zikanunua. Tangu asubuhi nawapigia simu wasilale nalo ndani, wananijibu, 'Mzee Zabron, unashindana na watu wa vipimo? Una digrii gani?' Na leo baridi itashuka kuliko jana. Njoo uwaambie kwa mdomo wako, kabla jua halijazama."

"Nitakuja," Dorkasi alisema. "Nakuahidi."

Mzee alipotoka kutafuta pikipiki, Rubeni, mhariri, akajitokeza kutoka chumba cha ndani. Alikuwa amesikia yote.

"Tuagize uchunguzi kwanza. Toleo lijalo tutaweka maelezo mafupi."

"Toleo lijalo ni mwezi ujao, kaka. Wao wanalala leo."

"Ukisema tumekosea, nani atatuamini tena? Ukienda, Dorkasi, usirudi."

Dorkasi alilipenda jarida lile. Aliamini kwamba mtu anayenunua kitu kimoja kwa mwaka anastahili kuambiwa ukweli wa kitu hicho. Akabeba gunia, akaacha ufunguo wa ofisi mezani.

Njiani simu ya mzee iliita mara tatu. Hakuigusa.

"Ni hospitali," alisema. "Nikipokea sasa, huenda nisifike."

Dorkasi akalikumbatia jiko lile baridi, meno yakigongana.

Kanisani mzee akapiga kengele. Kengele ya Jumamosi ni ya msiba, na watu wakaja mbio, majembe mikononi. Wanawake walikwisha kuanza kulia.

"Ni mtoto wa Yunis?"

"Bado," mzee alijibu.

Dorkasi akaliweka jiko kwenye ngazi. "Mimi ndiye niliyeandika habari za jiko hili jaridani. Kweli halina moshi, lakini chumba kikifungwa linaua. Sikulipima mnavyolitumia ninyi. Nilikosea."

Kijana mmoja akapaza sauti, "Sasa tukuamini lipi, dada, la kwanza au hili?"

"La kwanza nililipwa mshahara kuliandika," Dorkasi alisema. "Kwa hili nimefukuzwa kazi leo hii."

Mama mmoja akafunga khanga kiunoni, akaenda kwake kulitoa jiko. Wengine wakafuata.

Mzee Zabron alikuwa amejitenga nyuma ya kanisa, simu sikioni. Alirudi uso umelowa. "Mtoto amelia," alisema. "Amelia mpaka wauguzi wanalalamika."

Dorkasi hakukaa. Alipita nyumba kwa nyumba, akiondoa mablanketi madirishani kwa mikono yake, na baridi ikiingia aliivumilia pamoja na wenye nyumba. Alipotoka nyumba ya kumi na saba, jua lilikuwa limebakiza kidole kimoja juu ya mlima.