Ganzi ya Kidonda

"Jikaze, mama. Uzazi si lelemama," nesi alisema, akapita na toroli lake.

Mjane aliyekaa kando ya kitanda akamfuta binti yake jasho. Binti alikuwa amepasuliwa alfajiri, na kila akijaribu kugeuka amnyonyeshe mtoto, kidonda kilimbana kama koleo la mhunzi. Kichanga kililia hadi sauti ikakauka. Kwenye kitanda cha jirani, mwanamke aliyepasuliwa alfajiri hiyohiyo alikuwa ameketi, mwanawe kifuani.

"Mwanangu, wewe mbona huumwi?" mjane akamuuliza.

"Mie nilishonwa na yule daktari wa kike. Kabla ya kufunga alinichoma ganzi palepale kwenye kidonda. Huyu wa kwenu hachomi, bibi. Anasema inamchelewesha."

Damu ikamchemka mjane. Akamkuta daktari aliyempasua binti yake ukumbini, anakoroga chai.

"Ganzi ya kidonda mnayo?"

"Imejaa kabatini."

"Mwanangu umemnyima kwa nini?"

"Sikumnyima. Mimi sina mazoea hayo tu. Na uchungu wa uzazi, bibi, kaupanga Mungu."

"Usimsingizie Mungu! Alipotaka ubavu wa Adamu alimlaza kwanza usingizi mzito, ndipo akamfungua. Wewe nani umzidi ukali?"

Wauguzi wakaangua kicheko. Daktari akatua kikombe.

"Unanitukana kazini kwangu?"

"Bado sijaanza."

Mtaalamu wa dawa za usingizi, aliyekuwa akisikiliza yote, akamshika mjane bega. "Twende, mama. Kushona kumeshapita, lakini naweza kumchoma ganzi ubavuni, huku na huku, ikatulize kidonda."

Akamchoma. Haukupita muda mrefu, uso wa binti ukakunjuka.

"Mama, nipe mtoto."

Kichanga kikadaka ziwa kama mwizi. Mjane akamshukuru Mola, lakini hasira haikushuka hata inchi. Dawa ilikuwepo! Damu yake imeteswa kwa sababu ya mazoea ya mtu!

Akatoka. Mlangoni pa chumba cha upasuaji, mwanamke mwingine alikuwa juu ya machela, mumewe amekumbatia khanga zake. Mjane akamvuta mkono yule mume.

"Baba, mwambie daktari sasa hivi, kabla hajashika kisu: akifunga, achome ganzi kwenye kidonda. Akikuuliza nani kakutuma, mwonyeshe mimi."

Akaburuta kiti, akakiweka mbele ya mlango, akakaa.