Bomba Lililouma

Mkaguzi wa majengo alipofika, Melva Quimí alikuwa ameshamtuma mzee Isaías kliniki ambako hakuna aliyekuwa akimsubiri. Alimgongea mlango mapema, akamwambia wamepiga simu, siku yake ya kupimwa sukari imesogezwa mbele. Mzee akavaa shati, akashuka ngazi bila kunywa hata kahawa, maana kipimo cha sukari hakitaki mtu aliyekula. Kliniki ilikuwa mwendo wa mabasi mawili.

"Mungu akuzidishie, Doña Melva," alisema mlangoni. "Bila wewe ningesahau hata jina langu."

Nyumba yenyewe ilikuwa ya mbao, ya ghorofa mbili, katika mtaa mmoja wa nyuma jijini Guayaquil. Don Fulton Mirabá, mwenye nyumba, alikuwa ameikatakata kwa mbao nyembamba mpaka ikatoa vyumba kumi na vinne. Mita ilikuwa moja. Waya uliingia kutoka barabarani kwa mbele, kisha ukapenya nyuma ya mbao chumba hadi chumba, kila aliyehamia akiungia kipande chake. Melva alikuwa msimamizi. Alikaa chumba cha mbele, chenye dirisha, bila kodi, kwa kazi ya kufagia ngazi, kupokea kodi za wenzake na kuwanyamazisha. Hilo la mwisho halikutamkwa siku alipokabidhiwa chumba, lakini alilielewa.

Mkaguzi alikuwa msichana mwenye kofia ngumu iliyomzidi kichwa.

"Wapangaji wanalalamika kuhusu umeme? Taa kufifia, harufu ya kuungua?"

"Hapana, mwanangu. Hapa umeme shwari."

"Soketi kupata moto? Mtu kupigwa shoti?"

"Shoti itoke wapi? Labda kupigwa na joto." Melva alicheka. Msichana hakucheka. Alikuwa amesimama chini ya ngazi mbele ya kizimba cha vyuma kilichofunika swichi kuu, akishika kufuli lake.

"Ufunguo uko wapi?"

"Anao mwenye nyumba. Amesafiri."

Msichana aliteremsha ubao wake wa kuandikia. "Mama, nikwambie kweli. Nikiandika ninachokishuku, nyumba hii inafungwa. Wanabandika karatasi mlangoni, na ndani ya siku tatu kila mtu awe nje."

"Tunapelekwa wapi?"

"Hiyo si idara yangu." Aliyasema hayo akiangalia viatu vyake. "Ndiyo maana nakuuliza tena. Kuna tatizo?"

Vyumba kumi na vinne. Melva aliwajua wote waliolala humo, aliwajua hata kwa kikohozi.

"Hakuna," akasema, na akatia sahihi pale alipoonyeshwa.

Tatizo lilikuwepo, na aliyelijua vizuri kuliko wote alikuwa kwenye basi la pili, na njaa yake. Isaías Tumbaco alifanya kazi ya fundi umeme miaka thelathini na moja katika kiwanda cha kufungasha kamba wa baharini, mpaka macho yakamwishia. Sasa alitengeneza feni za watu, na jioni alikaa kwenye ngazi akiwafundisha wapitao, watake wasitake. Waya ukipata moto hausemi, unanuka. Ukisikia harufu ya samaki na hakuna aliyenunua samaki, zima. Taa ikiwaka kupita kiasi kisha ikafifia, zima. Bomba likikutekenya, ondoka hapo. Wapangaji walimwita Redio. "Redio, leo taarifa ya habari inasemaje?" walimtania wakimruka miguu.

Mwezi mmoja kabla, Redio alimletea Melva kipande cha waya ambacho gamba lake lilikuwa limeyeyuka na kuganda kama kamasi.

"Nimekitoa ukutani kwangu, Doña Melva. Nimekikata na kuzifunga ncha, lakini huko ndani kote ni hivi hivi. Nyumba hii ina homa."

Melva alimpigia simu Don Fulton. Sauti ya Don Fulton ilikuwa ya upole siku zote.

"Melvita, nikianza kubomoa kuta, wa kwanza kutoka ni wewe. Waya unaanzia chumbani kwako. Utakwenda wapi, na umri huo? Mwambie mzee apumzike. Asipotaka kupumzika, chumba chake kina watu watatu wanakisubiri."

Akamwambia mzee kwamba fundi atakuja mvua zikiisha.

Jioni ya siku ya ukaguzi Isaías alirudi na vumbi mpaka kwenye nyusi. "Wanasema hawakupiga simu," alisema. "Labda walikosea namba, maskini. Kazi zimewazidi." Melva alimpa kahawa na donge la ndizi mbichi lenye jibini. Mzee alikula taratibu, akaokota makombo yote kwenye sahani kwa kidole, akashukuru tena. Melva alikuwa amesimama karibu na jiko, kampa mgongo. Afadhali mzee angemtukana.

Mwaka huo mabwawa ya milimani yalikauka na umeme ulikuwa wa mgao. Ulikatika asubuhi na kurudi saa nane mchana, na uliporudi nyumba nzima ilipiga kelele za furaha. Feni, friji, redio, kila kitu kiliwashwa kwa pamoja na kuta zikavuma. Aliyefua nguo uani aliitwa Yuleisi, binti wa miaka ishirini na nne kutoka Quevedo, mpangaji wa chumba cha tisa. Alifulia watu kwa mkono kwenye karo la saruji. Mara mbili wiki ile alikuja kwa Melva akijipangusa povu.

"Doña Melva, bomba linauma."

"Linauma vipi?"

"Linanitekenya mpaka kwenye kiwiko. Redio ananiambia niache kufua. Nikiacha kufua, nitakula redio?"

Melva alicheka naye. Akamwambia avae ndala. Ndala ya Yuleisi ilikuwa moja, nyingine ilikatika.

Siku ya Alhamisi umeme uliporudi, Melva alisikia zile kelele za furaha, na juu yake akasikia kitu kingine kutoka uani. Hakikuwa kilio. Ilikuwa kama mtu anayeinua mzigo mzito na pumzi ikamkwama. Alipofika dirisha la nyuma alimwona Yuleisi amesimama wima kwenye maji ya sabuni, mkono umelikamata bomba, kichwa kimegeuka pembeni. Mpangaji mmoja alikuwa anamkimbilia.

"Msimguse!" Isaías alikuwa anateremka ngazi kwa kukisia, mkono ukutani. "Asimguse mtu! Ukimgusa mnakwenda wawili! Doña Melva, swichi kuu! Zima nyumba yote!"

Melva alikimbia. Kizimba kilikuwa hatua mbili kutoka mlangoni kwake, na nyundo ilikuwa chini ya kitanda chake. Hilo alilijua wakati ule kama anavyolijua leo. Lakini Don Fulton alikuwa ameshasema kwamba atakayegusa kufuli lile atahama siku hiyo hiyo. Mkono wa Melva haukwenda kitandani. Ulikwenda mfukoni, ukatoa simu.

Ililia sana. Ilipopokewa, Don Fulton alikuwa anatafuna.

"Don Fulton, binti kashikwa na umeme. Nataka kufungua kizimba."

"Binti gani?"

"Yuleisi, wa chumba cha tisa."

"Kafanya nini? Kachezea waya?"

"Kashika bomba. Nivunje kufuli?"

"Usivunje kitu. Namtuma dereva na ufunguo."

"Anakufa, Don Fulton."

"Melva, tulia unisikilize. Ukilivunja, kesho kila mtu atakuwa anaingiza mkono humo..."

"Vunja!" ilikuja sauti ya mzee kutoka uani. "Melva, vunja!"

Mzee hakuwa amewahi kumwita bila Doña. Melva alikuwa bado kaishika simu sikioni. Alisikia Don Fulton akimeza, akasikia kijiko kikigonga sahani, akasubiri aambiwe ndiyo. Alisubiri muda gani? Baadaye alijaribu kuupima, akiwa amelala, akiwa anafagia. Mara ulimjia mfupi kama kufumba jicho, mara ungetosha mtu kupanda ngazi na kushuka.

Kisha akaitupa simu, akachukua nyundo. Kufuli lilianguka kwa pigo la tatu. Tatu tu. Akavuta swichi na nyumba ikanyamaza.

Uani, Isaías alikuwa ameshamtoa. Alisimama juu ya ubao mkavu, akampiga Yuleisi mkono kwa mpini wa ufagio mpaka vidole vikaachia, na kifundo cha mkono kikavunjika. Sasa alikuwa amepiga magoti kwenye saruji, anamkandamiza kifua kwa mikono yote miwili na kuhesabu kwa sauti. Alipofika thelathini alianza tena moja. Walimpakia kwenye gari dogo la muuza samaki, mzee akiendelea kuhesabu humo nyuma, na hospitali wakawaambia wamechelewa.

Ijumaa Don Fulton alikuja mwenyewe, amevaa tai nyeusi. Alikaa kwenye kiti pekee cha Melva, akaweka karatasi juu ya kitanda.

"Soma."

Iliandikwa kwamba mpangaji mmoja mzee, asiye na leseni na asiyeona vizuri, alikuwa na tabia ya kufungua kuta na kuchezea nyaya, na kwamba msimamizi wa nyumba alimwonya.

"Alikuwa ananionyesha hatari, Don Fulton."

"Alitoa waya ukutani au hakutoa?"

"Alitoa."

"Aliuleta kwako?"

"Aliuleta."

"Basi pale hakuna uongo." Alimpa kalamu. Melva hakuipokea. Don Fulton akashusha pumzi, kama mtu anayelazimishwa kumwambia mgonjwa habari mbaya. "Melvita. Kwenye fomu ya ukaguzi kuna sahihi. Ni yangu?"

Melva aliitazama karatasi pale kitandani.

"Na simu yako inaonyesha ulizungumza nami dakika ngapi kabla ya kufungua. Mimi nilikuwa mezani nyumbani kwangu. Wewe ulikuwa pale. Ukitaka tuanze kuulizana nani alijua nini, sina neno, tuanze. Tuanze na wewe."

Melva akapokea kalamu, akatia sahihi. Hilo lilimshangaza kuliko yote, jinsi sahihi ilivyotoka nzuri.

Polisi walikuja Jumamosi mchana. Wapangaji walisimama milangoni na hakuna aliyetania. Isaías aliteremka kati ya askari wawili, akipapasa kila ngazi kwa ncha ya kiatu, akiwaomba radhi kwa kuwachelewesha. Alipofika mlangoni kwa Melva alisimama. Melva alishika fremu ya mlango akangoja anachostahili.

"Doña Melva," alisema mzee, uso umegeukia kidogo pembeni ya pale alipokuwa, "waambie wavae viatu wanapokwenda karoni. Na umeme ukirudi wasiwashe vyote kwa mpigo. Wewe wanakusikiliza."

"Nitawaambia."

"Nitarudi Jumatatu, nadhani. Haya ni mambo ya kuelezana tu. Nikifika huko nitawaomba wakuite, wewe si uliona ule waya?"

"Niliuona," alisema Melva.

Mzee akaitikia kwa kichwa, ameridhika, na askari wakamshika mkono.

Jumatatu hakurudi. Alhamisi Melva alikwenda kituoni na chakula. Askari wa zamu alimuuliza yeye ni nani kwa mzee, akasema jirani. Askari alipekua daftari, akamtazama tena. "Quimí? Si wewe uliyeandika maelezo?" Melva aliacha chakula juu ya kaunta, akatoka, hakuuliza kama kitamfikia.

Nyumbani, kizimba kilitiwa kufuli jipya. Fundi wa Don Fulton alilizungushia bomba utepe mweusi, akamaliza kazi kabla kahawa aliyowekewa haijapoa. Mama yake Yuleisi alikuja kutoka Quevedo kuchukua vitu vya mwanawe, vikaenea katika mfuko mmoja. Vyumba viwili vilikuwa wazi, na Don Fulton akapiga simu kusema kwamba kuna mtu anakuja kutazama kile cha mzee, akionyeshe vizuri.

Usiku wa kuamkia siku hiyo Melva aliamua. Alifungasha nguo zake kwenye sanduku, kwa sababu alijua Don Fulton atasikia, akalisukuma nyuma ya mlango.

Aliyekuja alikuwa mwanamke mwembamba, mhamiaji mwenye lafudhi ya Maracaibo, uso umebabuka kwa jua la barabarani. Melva alimpandisha juu, akafungua chumba cha Isaías, akafunga mlango nyuma yao.

"Usikichukue," alimwambia. Na akamweleza. Alimweleza habari za waya ulioyeyuka na harufu ya samaki, za Yuleisi karoni na za mzee aliyeko ndani kwa kosa la wengine. Akamweleza ya mkaguzi, ya kliniki na ya simu. Hakujificha. Ya ile karatasi aliimalizia kwa kunong'ona. Ilikuwa mara ya kwanza kuyasikia yote kwa mpangilio.

Mwanamke alimsikiliza mpaka mwisho. Hakushtuka wala hakupiga ishara ya msalaba. Alitazama dari, akatazama dirisha dogo, akapima kwa hatua zake urefu wa ukuta, kona hadi kona.

"Asante kwa kuniambia, mama," alisema. "Kuna wasiosema." Akasogea karibu na kupunguza sauti, kama yeye ndiye mwenye jambo la kuficha. "Na watoto, mwenye nyumba anawakubali? Kote tulikopita wametukataa kwa ajili ya watoto."

 Melva akaitikia kwa kichwa.

Mwanamke alitoka, akainama juu ya ukingo wa ngazi, akapiga mluzi. Huko chini barabarani watoto wake walikuwa wanangoja. Walipanda mbio watatu, wawili wamebeba godoro kichwani, wanacheka kwa kuwa halikunjiki kwenye kona. Wa mwisho, mdogo kuliko wote, alikuwa anaburuta mfuko wa sufuria. Alipofika mbele ya Melva aliuweka chini, akamwamkia kwa adabu kama alivyofundishwa, kisha akaunyanyua tena na kuwafuata wenzake ndani.