Sarakasi ya Shemeji

Shemeji yangu, mume wa dada, hakufundishwa kuchora na mtu, na hachoki kutukumbusha. Jana alitukusanya sebuleni kwake tuione sarakasi aliyoichora kwa rangi zinazobaki akishapaka nyumba za watu: hema jekundu, farasi wa buluu, tembo wa kijani. Majirani walimsifu, mimi nikaisogelea picha.

Katikati yake alisimama bwana mwenye mjeledi, na kitambi kile na masharubu yale ni ya shemeji mwenyewe. Mbele yake nyani alichuchumaa juu ya stuli, amevalishwa gauni la dada la maua ya njano. Mkononi alikuwa na kovu la moto, lilelile la dada, ambalo aliniambia alilipata kwa kumwagikiwa na chai.

"Huyu nyani utadhani anapumua," jirani mmoja akasema huku akicheka.

"Mimi sibuni," shemeji akajibu, kifua mbele. "Nachora ninachokiona kwa macho yangu."

"Na sarakasi umeionea wapi, shemeji?" nikamuuliza.

 Shemeji alipiga mluzi, na dada akatoka jikoni na sinia la chai, amevaa sweta kwenye joto lile.