Novena ya Mechi Tisa

"Basi mfungue Keith hiyo bendeji tuone," nilimwambia mume wangu. "Si umeshakuwa daktari."

"Usinianze, mama Keith," Manuel alisema. "Imebaki mechi moja tu."

"Na mkono wa kulia umebaki mmoja."

Tulikuwa kwenye barabara kuu ya 401, huku Kanada, tumetoka nyumbani Pickering, na magari hayasogei. Ujenzi, kama kila Jumapili. Mimi nilikuwa kwenye usukani, Manuel pembeni yangu. Nyuma alikaa mwanangu Keith, kipa wa timu ya mpira ya chuo chake, na mama mkwe wangu, Bibi Assunta, na rozari yake. Mechi ilikuwa saa nane.

Timu ya Keith ilikuwa imecheza mechi nane msimu huu na imefungwa zote nane. Hata sare hawakupata. Kwenye ya nane mtu alimkanyaga mkono. Ijumaa eksirei ilionyesha ufa kwenye mfupa wa kiganja, na daktari akasema wiki sita bila mpira. Ukigongwa tena, watapasua na kuweka vyuma. Januari Keith anaanza mafunzo ya kazi ya fundi umeme. Fundi umeme asiyeweza kukunja kiganja atashika nini?

Aliyetuingiza humu ni Manuel, na mimi nilimsaidia.

Bibi Assunta alipata kiharusi mwezi wa saba. Watu wa Manuel ni Wagoa wa Tanga, Wakatoliki wenye asili ya India, na kwao jambo kama hilo haliachiwi hospitali peke yake. Tuliita watu arobaini nyumbani kusali litania, na ilipokwisha Manuel akasimama. Akasema msimu wa Keith una mechi tisa, novena ina siku tisa, kwa hiyo Keith atasimama golini mechi zote tisa kwa ajili ya bibi yake. Wote wakaitikia amina. Nami niliitikia, nimeshika sinia la sambusa, nikiwaza achali imeisha. Keith hakuna aliyemuuliza.

Novena haikatwi katikati. Mimi ni Mchaga wa Kibosho, nimesali novena tangu utoto, nalijua hilo. Ila sikuwahi kusikia novena inayopigwa mateke.

Mechi ya kwanza walifungwa sita. Baada ya mechi ya tatu, saba kwa moja, Bibi alisimama na kutembea na kitembezi hadi jikoni. Hapo ndipo mlango wa kujitoa ulipofungwa. Tangu siku hiyo Manuel akirudi uwanjani anasema, "Tumepigwa tano, lakini mama amepanda ngazi leo," kana kwamba magoli ndiyo dawa. Dawa naijua. Nina diploma ya ufundi dawa, na vidonge vyake napanga mimi kila Jumamosi, asubuhi na jioni, wiki nzima.

"Keith," nilisema, "wewe unataka kucheza?"

Keith huelewa kila neno na hujibu kwa Kiingereza. Alisema yeye yuko sawa.

"Sikuuliza kama uko sawa."

Aliinama mbele, karibu na kiti changu. Kisha akasema, bado kwa Kiingereza, taratibu, bibi yake asisikie: nisipocheza, halafu Bibi akaanguka tena, baba ataniangalia kama mimi ndiye niliyemwangusha, mpaka nizeeke.

Bibi Assunta alisikia. Alishasikia Kiingereza cha Keith miaka kumi na tisa.

"Mimi sikuomba mtu aniwekee nadhiri," alisema. "Lakini ikishasemwa, imesemwa. Msiniulize mimi."

"Unaona?" Manuel aliniambia, lakini sauti haikuwa na nguvu. Alikuwa anasugua magoti yake. Alimtazama Keith kwenye kioo, akaona bendeji, akageukia dirishani. "Nilisema mbele ya watu arobaini, mama Keith. Kila Jumapili wananiuliza kanisani, zimebaki ngapi."

Akatazama saa. "Na foleni yenyewe hii. Labda hatutafika."

Alilisema hilo kwa namna ambayo mtu hutaja mvua baada ya kiangazi. Nikatazama kioo. Keith naye alikuwa ameinua kichwa, anaangalia mstari wa magari mbele. Wote wawili walikuwa wanaiombea foleni. Hakuna aliyetaka mechi hii. Kila mmoja alikuwa anangoja barabara imwokoe, maana barabara haina wa kuilaumu.

Halafu magari yakaanza kusogea.

Kwanza polepole, kisha vizuri kabisa. Mbele wazi. Mabega ya Keith yakashuka. Akachukua glavu kwenye begi, akaanza kuisukuma ya kulia juu ya bendeji, meno ameyakaza.

Nilibonyeza simu ya gari na kumpigia kocha wake, Erick. Sauti ilijaa gari zima.

"Kocha, ni mama yake Keith. Keith hachezi leo. Mkono una ufa."

"Mama, sina kipa mwingine," Erick alisema. "Nina watu kumi na moja tu pamoja naye."

"Basi una kumi. Mmoja avae glavu. Mmefungwa nane mkiwa na kipa, sidhani kama kuna tofauti kubwa."

Nikakata.

"Umefanya nini?" Manuel alisema.

"Nimekata novena. Mimi, si Keith, wala si wewe. Wakikuuliza kanisani, waambie ni mke wako, na waje waniulize mimi. Mama alipougua nilimuuguza mimi, akiugua tena nitamuuguza, na lawama nitabeba mimi. Mama, umesikia?"

 Shanga za rozari zilikuwa zimesimama mkononi mwa Bibi Assunta.

"Keith, vua hiyo glavu."

Aliivua. Njia ya kuchepuka kwenda Port Union ilikuwa mita mia mbili mbele. Niliwasha indiketa, nikatoka kulia, na tukaanza kurudi nyumbani.