Mikono ya Sweta Jeusi

Kaka yangu tunamwita Profesa. Si kwamba amesoma sana. Ni kwamba akishafungua laptopu yake huwezi kumuuliza hata kama amekula bila kupewa mhadhara. Pale gereji kazi yake ni moja: kuzidanganya kompyuta za pikipiki. Hizi pikipiki kubwa za siku hizi hazina kabureta. Zina kompyuta ndogo chini ya kiti, na hiyo ndiyo inayoamua injini inyunyiziwe petroli kiasi gani. Profesa anaichomekea kisanduku cha pembeni, kidogo kama kiberiti, kinachoinong'oneza: hapa ongeza, pale punguza. Jedwali zima la namba hizo tunaliita ramani. Mimi napokea wateja, napokea simu, nashika waya nikiambiwa shika, na lawama zikija nazipokea pia.

Wiki ile tulikuwa na pikipiki mbili za aina moja. Ya kwanza ilikuwa ya muuguzi mmoja mpole, mtu wa kuomba radhi hata akikanyagwa yeye. Ya pili ilikuwa ya shemeji, mume wa dada yetu. Shemeji ana mwili mdogo na anapenda mwendo mkubwa. Nilimwambia akipanda lile dude anafanana na kibanio cha nguo juu ya ng'ombe. Akanijibu kwamba yeye angalau ana usafiri, mimi nina mdomo tu. Ndivyo tunavyopendana.

Kabla ya kuchora ramani, bomba la moshi linatobolewa na nati inachomelewa, ili sensa ikae humo, inuse moshi na kusema kama petroli imezidi au imepungua. Kutoboa huko kunarusha chembe za chuma kila upande. Kwa hiyo Profesa huziba kwanza mdomo wa boksi la hewa, pale injini inapovutia pumzi, chembe zisinyonywe ndani. Anaziba kwa kitambaa chekundu, na hiyo ndiyo sheria ya gereji. Chekundu tu, kwa sababu chekundu hakisahauliki, kinakukodolea macho kama jicho la mlevi mpaka ukitoe.

Siku hiyo vitambaa vyekundu vyote vilikuwa vimelowa kwenye ndoo ya sabuni, na Profesa hajui kungoja. Alichukua sweta lake jeusi kuukuu, akalikata mikono yote miwili kwa mkasi. Nikamwambia sasa limekuwa zuri kwa kuombea kazi ya ubaunsa. Alicheka, akalitundika lile sweta kwenye msumari likiwa halina mikono, akaendelea na kazi.

Ya muuguzi aliimaliza asubuhi, ya shemeji mchana. Alitoka nayo kwenye barabara ya nyuma ya maghala, akarudi, akachomeka laptopu, akakunja uso. Sensa ilisema petroli imezidi, hasa injini ikizunguka kwa kasi kubwa. Akapunguza. Akatoka tena, akarudi, bado imezidi, akapunguza zaidi. Kwenye ramani yake namba za kupunguza huwa na rangi ya bluu, na sasa pembe yote ya juu ilikuwa bluu iliyokolea kama wino uliomwagika. Nilimuuliza kama huo si ugonjwa. Akasema hapana, hata ile ya asubuhi ilikuwa hivi hivi, lazima ni tabia ya toleo hili. Alisema kwa raha, kama mtu aliyegundua kitu.

Shemeji alipoijaribu alirudi na malalamiko. Alisema chini ni tamu, lakini ikifika juu inahema kama mtu aliyepandisha gunia ghorofani. Profesa akampa mhadhara. Shemeji akaona afadhali aende zake.

Jumamosi simu yangu ikalia kuashiria ujumbe. Ilikuwa picha: mkono wa sweta jeusi umelala sakafuni kando ya ndala za dada, kama kitu kilichogongwa na gari. Chini yake shemeji alikuwa ameandika: "Mwambieni Profesa mgonjwa alifanyiwa upasuaji akaachiwa pamba tumboni. Nimeitoa. Sasa inapaa! Tunatoka na dada yako kumchukua mtoto kwa bibi yake."

Nilicheka mpaka nikakaa. Hii ilikuwa silaha ya mwaka mzima. Nikampelekea Profesa picha pale mezani, nikasubiri uso wake uaibike vizuri.

Hakuaibika. Aliitazama ile picha, kisha akaanza kufuta mikono ambayo haikuwa na uchafu.

"Ameutoa lini?"

"Sasa hivi. Wako njiani."

Alifungua laptopu, akanionyesha ile pembe ya bluu. Akaniambia taratibu, bila mhadhara, na hapo ndipo nilipoanza kuogopa. Ramani ile aliichorea injini iliyokuwa imekabwa koo. Hewa ilikuwa ndogo, ndiyo maana petroli ikaonekana nyingi, ndiyo maana akaipunguza. Sasa koo limeachiwa. Hewa imejaa, petroli ni ile ile ya mtu anayekabwa. Mwendo wa pole hauna neno. Lakini ukivuta mafuta mpaka mwisho na ukakaa huko, moto wa ndani unapanda mpaka pistoni inayeyuka, na injini inakamata, inaganda ghafla.

"Ikikamata?"

"Gurudumu la nyuma linakamata nayo."

"Kwenye mwendo gani?"

"Mwendo wowote anaoupenda shemeji yako."

Barabara ya kwenda kwa bibi imenyooka kama rula, na inajaa malori. Shemeji huiita uwanja wake.

Nilimpigia, ikaita mpaka ikachoka. Mtu aliyevaa helmeti hapokei simu. Nikampigia dada, yeye husikiliza nyimbo kwa waya masikioni akiwa nyuma ya mumewe. Mara ya kwanza hakupokea. Mara ya pili akakata, maana namkatiza nyimbo. Mara ya tatu akapokea, na upepo ukajaa gereji nzima, kwa sababu nilikuwa nimeweka spika.

Alikuwa anacheka. Nikamwambia wasimame. Akasema hasikii. Nikarudia, akasema hasikii, upepo, halafu akasema nisikilize inavyoimba, akaushusha ule waya, wenye kinasa sauti, karibu na injini.

Ilikuwa inaimba kweli. Sauti moja ndefu, safi, inapanda tu. Kisha chini yake nikasikia kitu kingine, kidogo, kama mtama unaomwagwa juu ya bati. Profesa akafumba macho.

"Inagonga," akasema. "Aachie mafuta, ashike klachi. Mwambie sasa."

Nilimwambia. Maneno yote hayo, aachie nini, ashike nini, yalipotea. Na hata kama yangefika, dada anajua nilivyo. Nimeshampigia simu kumwambia nyumba yake inahama. Mtama ulizidi kumwagika. Nikatafuta neno moja ambalo hakuna upepo unaoweza kulizuia, na lilikuwa moja tu.

"Mtoto ameanguka! Simama!"

Kicheko kilikatika. Nilisikia kiganja chake kikimpiga mumewe mgongoni, mara nyingi, na ile sauti ndefu ikaanza kushuka. Ikashuka, ikashuka, kisha kikatoka kishindo cha chuma na mlio wa tairi, na baada ya hapo hapakuwa na injini tena. Honi ya lori ilipita, ndefu, karibu mno, ikaenda zake.

Nikamwita dada. Nikaita tena. Profesa alikuwa ameshika ukingo wa meza kama gereji inataka kupinduka.

"Tumesimama," dada akasema hatimaye. "Ameangukia wapi?"

Nikamwambia ukweli. Kwamba mtoto ni mzima, kwamba nimedanganya, na kwa nini.

"Usimtaje tena mwanangu kwa uongo," akasema, akakata.

Baadaye kidogo shemeji akapiga mwenyewe. Walikuwa wameshafika pembeni, amekwisha kupunguza mwendo sana, vidole viko kwenye klachi, ndipo injini ikakamata. Kabla hajaibana klachi vizuri, tairi lilikuwa limeacha mstari mweusi kwenye lami. Lori lililokuwa nyuma yao lilipita bila kusimama. Alianza kunipiga utani kuhusu kibanio cha nguo, ukamkatikia njiani, akasema tu tukawachukue.

Profesa alikwenda kutafuta ufunguo wa gari. Mimi nilibaki na simu mkononi, ile picha ikarudi kwenye kioo. Mkono wa sweta. Nikainua macho kwenye msumari. Sweta bado lilikuwa limening'inia, na mashimo mawili mabegani.

Nilimwaga pipa la taka. Nikainamia chini ya benchi, nikapekua ndoo na kreti la vyuma chakavu. Profesa aliporudi alinikuta nimepiga magoti.

"Kaka," nikamwambia, "ule mwingine uliutoa?"

Alifungua ramani ya asubuhi ile, na wote tukaitazama ile pembe ya bluu. Nikajipa moyo: muuguzi ni mpole, haendi mbio, na kitambaa kikiwa ndani hakuna hatari. Hatari ni kukitoa tu. Nikampigia. Ikapokelewa kwa haraka, na mwanamume nisiyemjua, nyuma yake kompresa ikinguruma.

"Mwenye simu ametoka anaijaribu pikipiki, simu kaiacha hapa inachaji," akasema. "Mimi fundi wake mpya. Naona kioo kimeandika gereji. Kumbe ninyi ndio mliomtengenezea kwanza?"

Alikuwa anacheka.

"Aliniletea eti inakosa pumzi. Mnajua nimetoa nini humo ndani?"