Nietiwe Ameisha, Kuna Mbadala

Usiku wa kuamkia leo niliota nimempeleka mama kwenye dirisha la dawa la hospitali, na dirisha lenyewe lilikuwa katikati ya shamba letu la tangawizi. Ukuta haukuwepo. Lilikuwa dirisha tu, na nondo zake, limesimama kati ya matuta. Nikasema moyoni, afadhali, leo hatukutembea sana.

Kwanza nieleze tulivyolala. Mama yangu, Namsifu, ana presha. Miaka mingi amekuwa akimeza kidonge cheupe, kidogo, cha mviringo. Safari hii hospitali wakampa cha rangi ya waridi, kirefu. Mfamasia, Bwana Mrutu, alimweleza vizuri kwamba dawa ni ileile, kiwanda tu ndicho kingine. Mama akaitikia kwa adabu, akafika nyumbani, akavifungia vidonge kabatini.

"Sikijui," akasema. "Siwezi kumeza mtu nisiyemjua."

Jana kichwa kilimgonga kutwa nzima. Akajifunga kitambaa, na bado akakataa. Nikamfokea, naye akanifokea, tukalala kila mtu na ukuta wake.

Sasa turudi shambani. Bwana Mrutu yuko dirishani, amevaa koti lake jeupe, na gumbuti kwa sababu ya tope.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Nipe changu cheupe."

"Cheupe hakipo, mama. Kimekwenda Tabora kwenye harusi."

"Kitarudi lini?"

"Hakikuaga vizuri. Ila tuna mbadala."

Kidonge cha waridi kinatokea nyuma ya dirisha. Kimo chake kinanifika kiunoni, na kimebeba begi. Kinapiga magoti kumwamkia mama. Mama anaitikia, maana salamu hainyimwi mtu, halafu anamgeukia Bwana Mrutu.

"Kina heshima. Lakini sikijui."

"Ndiyo maana kuna utaratibu," anasema Bwana Mrutu, na anakigeukia kidonge. "Kiambato chako nani?"

"Yuleyule."

"Nguvu yako?"

"Ileile."

"Unamezwa saa ngapi?"

"Asubuhi, kama ndugu yangu."

Ili kuhakikisha, Bwana Mrutu anampigia simu daktari. Anajifunga mkononi kile kitambaa cha kupimia presha, anakijaza upepo, na kuongea ndani ya mpira wake. Sauti ya daktari inasikika vizuri.

"Kama kiambato ni kilekile na nguvu ni ileile, endelea. Kingekuwa kiambato kingine ningekuja mwenyewe tuzungumze. Kwa sasa nimo ndani ya kiatu."

Hakuna aliyeuliza kiatu cha nani.

"Limebaki jambo moja," anasema Bwana Mrutu. "Mgonjwa aelezwe, na akubali. Mama, unakubali?"

"Sikubali. Na kama kubadilisha ni kitu chepesi hivyo, basi nibadilishieni na huyu binti yangu anayenifokea."

Alikuwa anatania. Namjua mama. Lakini Bwana Mrutu alikuwa kazini, akageuka kukagua rafu.

"Nietiwe," akasema, na hilo ndilo jina langu, "ameisha."

"Nipo hapa," nikasema.

"Ameisha, mama. Pole sana."

Na kweli, nikaisha. Nilijikuta juu ya rafu, kati ya pamba na dawa ya kikohozi, nimefungwa kifuniko mdomoni, kile cha kubonyeza ndipo ukizungushe, ili watoto wasifungue. Rafu yenyewe ilikuwa sebuleni kwetu, na mama alikuwa ameketi kwenye kochi lake. Dawa ya kikohozi ikanisogelea.

"Mgeni?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Utazoea. Usiniegemee tu, mimi nanata."

Bwana Mrutu akamletea mama binti mwingine. Lilikuwa dumu la maji, la bluu, limevaa kanga yangu. "Huyu anafanana naye kwa umbo," akasema. Niliudhika, lakini kifuniko kilikuwa kimekaza.

Mama akalitazama dumu, akalijaribu.

"Nietiwe, leo simezi dawa."

"Ndiyo mama," likajibu dumu.

"Na kesho simezi."

"Ndiyo mama."

"Kichwa kinanigonga. Naona vimulimuli mchana."

"Ndiyo mama. Vizuri sana."

Mama alikuwa amepata alichokiomba, binti asiyefoka, na sasa vidole vyake vilikuwa vinachezea pindo la kitambaa kichwani. Namjua anapoogopa. Nikagonga kioo cha rafu kwa kiwiko, hakunisikia.

"Huyu ataniua," akasema taratibu. "Kwa upole wake huuhuu."

"Nilitaka uone mwenyewe, mama," akasema Bwana Mrutu. "Kufanana kwa nje hakufanyi kitu kuwa mbadala. Hicho ni kitu kingine kabisa." Akalituma dumu mtoni. Likaondoka likiimba.

Binti wa pili aliingia bila kubisha hodi. Alikuwa baba mmoja mnene, mwenye ndevu nyeupe mpaka kifuani na kofia ya pikipiki kichwani. Hakukaa. Alimwendea mama moja kwa moja, akamwekea mgongo wa kiganja kwenye shavu.

"Mama! Kitambaa hiki cha nini? Umekula? Uji niliokuachia mbona umeganda? Usinifanyie hivyo, mama. Usiku nikiamka nasikiliza kama unapumua. Nina mama mmoja tu, sina wa akiba."

Akavua kofia, akajifutia macho kwa ndevu.

Kule rafuni nilitulia tuli. Yalikuwa maneno yangu. Jana nilikuwa nayo yote kooni, yalipotoka yakatoka yakiwa kelele.

Mama akamshika yule baba mkono.

"Ni yeye," akamwambia Bwana Mrutu. "Sura siyo, na hizi ndevu sijui katoa wapi. Lakini ndani ni yeye mwenyewe."

Aliposema hivyo, akashtuka kama mtu aliyeyasikia maneno yake mwenyewe. Akageuka polepole kukitazama kidonge cha waridi, kilichokuwa kimesimama mlangoni na begi lake, hakijakaribishwa kuketi.

"Na wewe," akasema. "Hebu fungua koti nikuone."

Kikaona haya kidogo, kikafungua. Ndani yake kulikuwa na ua mdogo, safi, na mwanamke mwembamba ameinama anafagia. Akainua uso.

"Aa, Namsifu! Nikadhani umehama."

"Kumbe ni wewe!" Mama akapiga makofi. "Miaka yote unanifagilia mishipa, sijawahi hata kukuona uso!"

"Mimi niko palepale. Wamenibadilishia koti tu. Na kwako huko kumechafuka, dada, nimesikia mpaka nje. Nipishe nianze kazi."

Mama akaagiza maji. Dumu likarudi kwa wakati mzuri kabisa. Akameza kidonge pamoja na begi lake, akashusha pumzi, akatulia. Sisi wote tukasikia ufagio, mbali, ukianza.

"Sasa nirudishieni wangu," akasema.

"Kwani huyu hajakufaa?" akauliza Bwana Mrutu.

"Amenifaa sana, Mungu ambariki. Lakini wangu si yule pale rafuni, analia?"

Bwana Mrutu akainua macho, akaniona. "Kumbe yupo," akasema. "Dawa ya awali ikiwepo na mgonjwa akaiomba, hatubishani."

Yule baba wa ndevu akavaa kofia yake, akamuaga mama kwa heshima, akanipungia mkono kama tuliosoma pamoja. Bwana Mrutu akanishusha, akanipangusa vumbi, akanibandika karatasi kwenye paji la uso, kisha akamsomea mama polepole, kwa sauti, kama anavyowasomea wagonjwa wote.

"Mtikise vizuri kabla ya kutumia. Ukiona amejitenga, mtikise tena."

"Kwa nguvu?" akauliza mama.

"Kwa nguvu, mama."

Nikaamka. Jua lilikuwa limeshaingia chumbani. Mama alikuwa amenishika mabega yote mawili, ananitikisa mpaka meno yanagongana. Kichwani hakuwa na kitambaa. Mezani palikuwa na glasi tupu na pakiti ya vile vidonge vya waridi, kitundu kimoja kimeshapasuliwa.

"Umemeza?" nikauliza.

"Nimemeza."

Nikamkumbatia. Akanitoa kifuani, akanitikisa tena.

"Mama, mbona unanitikisa hivyo?"

Akaacha. Akanitazama kwa mshangao, kama vile mimi ndiye niliyesahau.

"Si ndivyo walivyosema?" akajibu, akaenda kuniwekea chai.